Bayomonitaringi ni nini, na kwa nini mtu apimwe nywele?

Ukitaja kupima uchafuzi wa mazingira wengi wanawaza vifaa vya kupima hewa au mtu anachota maji ya mto kwenye chupa. Sawa, ila hiyo inakwambia sumu iko wapi tu, haikwambii imeingia kwa nani na kiasi gani. Bayomonitaringi ndo kumpima mtu mwenyewe: damu, mkojo, nywele, hata maziwa ya mama.

Chukua zebaki kwa wachimbaji wadogo wa Geita, wengi wanaiita mekyuri. Pale mwaloni, yaani wanapooshea mchanga wa dhahabu, mtu anaivuruga na mchanga huo ndani ya karai kwa mikono mitupu, inakamata dhahabu, anakamua kwenye kitambaa linabaki donge linang'aa kama fedha, halafu analichoma, wengine wanachomea nyumbani kabisa watoto wakiwa hapohapo. Mvuke wa zebaki unaotoka hapo hauna rangi wala harufu, na ukiuvuta karibu 80% inabaki mwilini, inaenda kwenye ubongo na figo. Mikono inaanza kutetemeka, usingizi unapotea, watu wanasema ah huyo ni pombe, kumbe sivyo. Huyu anapimwa mkojo, maana zebaki ya mvuke inatoka mwilini zaidi kupitia figo.

Sasa ile inayoishia majini ni habari nyingine. Bakteria wa kwenye tope wanaigeuza kuwa methili-zebaki, inaingia kwa samaki wadogo, wakubwa wanakula wadogo na kila hatua inazidi. Ukiipata kwa kula samaki, mkojo hauonyeshi kitu cha maana, hapo ndo zinapimwa nywele.

Unywele unakua kama sentimita 1 kwa mwezi, yaani sentimita 9 kuanzia kwenye ngozi, kwa mama aliyejifungua juzi, zinabeba habari ya mimba nzima. Kule Iraq mwaka 1971 hadi 1972 watu walioka mikate kwa ngano ya mbegu iliyowekwa dawa yenye methili-zebaki, wakafa mamia, na watafiti wakapima nywele za akina mama kipande kwa kipande wakajua mtoto alipata kiasi gani akiwa tumboni. Inaumiza kwa sababu mama anaweza asionyeshe dalili kubwa, mtoto akazaliwa ubongo umeshaharibika.

Kwa hiyo timu ikija kijijini kwenu ikakusanya mkojo peke yake ikatangaza akina mama wako salama, upande wa samaki bado haijawapima.