Utqiaġvik mpaka Longyearbyen ni kilomita ngapi kwa ndege?

Jumapili mtoto wa dada yangu kaja home Kirumba na simu mkononi, yuko form three, ananiambia mjomba si we ndo unapanga ruti za ndege, hebu niangalizie hii. Kapima na rula kwenye ramani ya simu toka Utqiaġvik, kule juu kabisa Alaska (ndo ile Barrow ya zamani, jina limebadilishwa 2016), mpaka Longyearbyen, Svalbard, visiwa vya Norwei. Skeli kaitoa huku kwetu, Mwanza–Dar, ambayo angani ni km 850 hivi, akazidisha, akapata zaidi ya km 19,000. Yaani karibu nusu ya mzunguko wa dunia!

Hesabu yake ya kuzidisha iko sawa kabisa, tatizo ni skeli. Huku ziwani tuko jirani na ikweta, digrii moja ya longitudo ni kama km 111, na ramani bapa inatutendea haki. Ukipanda juu longitudo zinabanana mpaka zikutane nchani. Utqiaġvik iko digrii 71 na ushee kaskazini ya ikweta, pale digrii moja ya longitudo imebaki km 36 hivi, Longyearbyen iko 78 imebaki kama 23, lakini ramani inalazimisha zote zionekane na upana uleule, kwa hiyo Longyearbyen inavutwa karibu mara tano. Ndo maana Greenland inaonekana kama inagombania ukubwa na Afrika, wakati Afrika inaizidi kama mara 14.

Nikachukua mpira wake tukaufanya ndo dunia, nikakata kipande cha uzi wa nyavu, tukaweka alama za ile miji miwili kwa peni halafu nikamwambia vuta uzi ukaze. Ukikaza, uzi wenyewe unateleza unatafuta njia fupi, na haukupita Kanada wala Greenland kama ule mstari wake wa rula, ulipanda moja kwa moja ukakatiza karibu na Ncha ya Kaskazini. Kihesabu unapita kama km 110 tu toka nchani, na umbali wote ni km 3,380 hivi. Njia fupi kama hiyo sisi wapanga ruti tunaiita duara kuu.

Sasa hiyo ni njia ya uzi, abiria ni habari nyingine, maana hakuna ndege ya abiria inayotoka Utqiaġvik moja kwa moja mpaka Longyearbyen, na Utqiaġvik haina barabara ya kuiunganisha na miji mingine. Utashuka Anchorage, Seattle, uvuke mpaka London, Oslo, ndo upande tena Longyearbyen. Nimejumlisha vipande, inazidi km 14,000, mara nne ya uzi.

Dogo akacheka akasema wazungu nao wanateseka. Nikamwambia hata sisi, Bukoba na Musoma zinatazamana ng'ambo ya ziwa, mstari wa angani ni km 220 tu, ila ukipitia hapa Mwanza ni 174 mpaka uwanjani kwetu halafu 142 kwenda Musoma, jumla 316. Akachukua rula akapima na hiyo kwenye simu. Safari hii ikakubali, akapata 220 na kidogo.