Uskoti na soko la Ulaya: yanayosemwa na yaliyopo

Dhana: "Waskoti walipiga kura kubaki, kwa hiyo walinyang'anywa haki yao ya kubaki sokoni."

Kura walipiga kweli. Juni 23, 2016, asilimia 62 yao walikataa kutoka Umoja wa Ulaya. Ila kura zilijumlishwa kwa Uingereza nzima, na waliotaka kutoka wakapata karibu asilimia 52. Januari 2017 Mahakama ya Juu ikaweka wazi kwamba bunge la Uskoti, lililoko Edinburgh, halina uwezo wa kisheria wa kuzuia Brexit, yaani Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya. Uchungu wao nauelewa, ila mambo ya nje ni ya London.

Dhana: "Soko la pamoja na umoja wa forodha ni kitu kimoja."

Hapana. Norway imo sokoni lakini haimo kwenye umoja wa forodha. Forodha ni habari ya ushuru, soko ni habari ya kanuni: viwango vya bidhaa, huduma, mitaji, na mtu kwenda kufanya kazi nchi nyingine bila kuomba kibali. Desemba 2016 Nicola Sturgeon, Waziri Kiongozi wa Uskoti wakati huo, alitumia tofauti hiyohiyo: Uskoti ibaki sokoni kama Norway, huku ikiendelea na forodha moja na Uingereza. Mwezi uliofuata Theresa May, Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo, akatangaza kwamba Uingereza yote inatoka sokoni.

Dhana: "Sehemu ya nchi haiwezi kubaki sokoni nchi ikishatoka."

Hii ndiyo inayonikera zaidi, maana jibu liko Belfast, mji mkuu wa Ireland ya Kaskazini, ambayo nayo ni sehemu ya Uingereza. Tangu Januari 2021 Ireland ya Kaskazini inafuata kanuni za Ulaya kwa upande wa bidhaa. Ni bidhaa tu. Huduma na uhuru wa watu kuhamia kazini havimo. Ilipewa nafasi hiyo kwa sababu inapakana na Jamhuri ya Ireland, na baada ya mkataba wa amani wa 1998, uliomaliza mapigano ya miaka mingi huko, hakuna aliyetaka kuona vizuizi vya mpakani barabarani tena. Uskoti haikuwa na turufu ya namna hiyo.

Na Belfast hawakupewa bure. Ukaguzi ulihamia baharini, kati yao na sehemu nyingine za Uingereza. Makubaliano ya Windsor ya 2023, kati ya Uingereza na Umoja wa Ulaya, yaliulegeza, lakini pakiti ya nyama inayotoka England kwenda madukani kwao kwa njia hiyo ya ukaguzi uliolegezwa hubandikwa lebo kwamba si ya kuuzwa Umoja wa Ulaya.

Dhana: "Ushuru ukiwa sifuri, biashara inaendelea kama zamani."

Waulize wauza kamba wa baharini wa Uskoti. Mkataba wa biashara wa Desemba 2020 kati ya Uingereza na Umoja wa Ulaya uliondoa ushuru, lakini kila mzigo ulihitaji cheti cha afya kilichosainiwa. Lori moja hubeba mizigo ya wauzaji wengi. Karatasi ya mmoja ikiwa na kosa, wote wanasubiri, na kamba hawangoji. Januari 18, 2021 malori yao yalikwenda kuegeshwa katikati ya London kupinga.

Dhana: "Basi wajitenge tu, yaishe."

Karibu asilimia 60 ya mauzo ya Uskoti nje ya mipaka yake huenda sehemu nyingine za Uingereza. Uskoti huru iliyomo sokoni ingekagua bidhaa kwenye mpaka wake na England, barabarani, si baharini.