Magofu ya Fountains Abbey: Yanayosemwa na Yaliyotokea

Kilomita chache kusini-magharibi mwa mji mdogo wa Ripon, huko Yorkshire kaskazini mwa Uingereza, kuna kanisa kubwa lisilo na paa, sakafu yake nyasi. Hiyo ni Fountains Abbey, abasia (nyumba kubwa ya watawa) iliyoanzishwa mwaka 1132 na watawa 13 waliotoka St Mary's, York, wakilalamika kwamba maisha ya pale yamelegea. Miaka michache baadaye walipokelewa na Wasistersiani, shirika lililoanzia Cîteaux, Ufaransa. Mengi yanayosemwa kuhusu magofu haya si kweli, na mtu akiyaamini atapita mbele ya mambo ya maana bila kuyaona.

"Mfalme Henry VIII aliibomoa kwa mizinga"

Hakuna mzinga uliofyatuliwa hapa. Abasia ilifungwa kwa karatasi na wino. Sheria ya 1536 ilizifunga nyumba ndogo za watawa, zenye mapato yasiyofika pauni 200 kwa mwaka. Fountains ilikuwa inaingiza zaidi ya pauni 1,000, ikapona safari ile. Zamu yake ilifika tarehe 26 Novemba 1539, abati, yaani mkuu wa abasia, Marmaduke Bradley alipotia saini hati ya kuikabidhi kwa mfalme. Mwaka uliofuata Sir Richard Gresham, mfanyabiashara wa London, akainunua.

Jengo liliuawa na kukosa paa. Makanisa makubwa ya enzi hizo yaliezekwa kwa mabati ya risasi (madini yenyewe, si ya bunduki), na risasi ilikuwa fedha taslimu. Mabati yalivuliwa na kukunjwa, mbao za palepale zikawashwa, risasi ikayeyushwa na kumiminwa kuwa vipande vizito vya kupigwa chapa ya mfalme. Kule Rievaulx, abasia nyingine ya Yorkshire, vipande vya namna hiyo vilifukiwa na ukuta ulioanguka na havikuonekana tena hadi karne ya 20. Kengele na vioo navyo vilikuwa na wanunuzi wake.

Ukitaka kuelewa kilichofuata, tafuta mahali ambapo ukuta umekatika na uutazame kwa ubavu. Utaona kwamba si jiwe tupu. Ni kuta mbili nyembamba za mawe yaliyochongwa, na katikati yake kumeshindiliwa vifusi vilivyoshikwa kwa chokaa na mchanga. Paa likiwepo, ukuta wa hivyo unadumu karne nyingi. Paa likiondoka, mvua inaingia kwa juu na kuiosha chokaa polepole. Majira ya baridi maji yaliyonaswa ndani yanaganda, na barafu huchukua nafasi kubwa kuliko maji kwa karibu asilimia 9, kwa hiyo uso wa nje unasukumwa hadi unatoka. Kuziba nyufa kwa saruji, dawa iliyopendwa sana zamani, huongeza ugonjwa: saruji haipitishi unyevu kama chokaa, maji yanajificha nyuma yake, na linalolika ni jiwe. Ndiyo maana mafundi wa leo wamerudi kwenye chokaa.

Majirani nao walichangia. Jiwe lililokwisha kuchongwa lina thamani, na kubeba jiwe hatua mia ni rahisi kuliko kulichimba. Kasri la Fountains Hall, lililojengwa na Sir Stephen Proctor karibu na mwaka 1600, lina mawe ya abasia ndani yake. Liko karibu na lango la magharibi. Wageni wengi hulipita haraka, nalo ni nusu ya jibu la swali "mawe yalikwenda wapi?"

Wala nyufa hazikuanza mwaka 1539. Kwenye Kikanisa cha Altare Tisa, mwisho wa mashariki wa kanisa, kuna dirisha lililopasuka mwishoni mwa karne ya 15, wakati wa abati John Darnton. Waliliziba kwa jiwe lililochongwa: upande mmoja malaika, upande wa pili uso wa mtu anayetoka majani. Inua kichwa, usiharakishe.

"Watawa wote waliuawa"

Waliotia saini walipewa pensheni. Bradley alipata pauni 100 kwa mwaka, pesa nyingi kwa wakati ule. Aliyeuawa ni abati aliyemtangulia, William Thirsk: alishaondolewa madarakani, akahusishwa na uasi wa watu wa kaskazini, akanyongwa mwaka 1537. Walioachwa bila kitu ni vibarua, watumishi, na maskini waliokuwa wakipata mkate langoni. Hao hawakuwekewa pensheni.

"Waliishi kwa sala na bustani ya mboga"

Anayezijua abasia za Wabenediktini za Peramiho au Ndanda, kusini mwa Tanzania, hatashangaa hapa, maana kanuni ni ileile ya Mtakatifu Benedikto: sala na kazi. Tofauti ni ukubwa wa biashara. Fountains iliendeshwa na makundi mawili. Watawa wa kwaya walisali ibada nane kila siku, ya kwanza usiku wa manane. Mabruda, watawa wa kazi za mikono, walishika mashamba ya mbali, kondoo, ng'ombe, machimbo ya mawe na ya risasi.

Sufu ndiyo iliyojenga yote haya. Iliuzwa kwa wafanyabiashara wa Italia, mara nyingi kabla kondoo hajanyolewa: pesa inachukuliwa leo, mzigo unatolewa miaka ijayo. Ukurutu ukiingia kwenye mifugo, sufu inapungua lakini ahadi iko palepale. Kwa njia hiyo abasia tajiri ilifika mwishoni mwa karne ya 13 ikiwa na madeni makubwa. Karne iliyofuata tauni ikapita, mabruda wakapungua mno, na mashamba mengi yakakodishwa.

"Lile handaki refu lilikuwa la kuzikia"

Picha inayosambazwa kuliko zote ni ya ukumbi mrefu wenye matao yanayochipuka kwenye nguzo kama matawi ya mti. Hauko chini ya ardhi, na hakuzikwa mtu humo. Ni ghala na chumba cha kulia cha mabruda, lenye urefu wa mita 90 na zaidi, na bweni lao lilikuwa juu yake. Unaonekana ukumbi mmoja kwa sababu kuta za kuugawanya zimeondoka. Upande wa kaskazini ulihifadhi mali, wa kusini ndiko walikokula. Angalia nguzo zenyewe: hazina vichwa vilivyonakshiwa, mbavu za tao zinaanza moja kwa moja kutoka kwenye nguzo. Mahali pa wafanyakazi hapakuwekewa mapambo. Popo wanaishi humo, basi usiwamulike kwa tochi.

"Mnara ni wa waanzilishi"

Waanzilishi wangeukataa. Wasistersiani wa mwanzo walikatazana minara mikubwa ya mawe. Huu wa karibu mita 50 ulijengwa na Marmaduke Huby, abati kuanzia 1495 hadi 1526. Umezungukwa na maandishi ya Kilatini yanayompa Mungu peke yake heshima na utukufu, ingawa watu hadi leo wanauita mnara wa Huby. Miaka 13 baada ya kifo chake, abasia ikafungwa.

"Mandhari haya ni ya zama za kati"

Nyasi zilizokatwa vizuri ni mtindo wa karne ya 18. John Aislabie, waziri wa fedha aliyefukuzwa bungeni baada ya kuporomoka kwa hisa za Kampuni ya Bahari ya Kusini mwaka 1720, alitengeneza bustani ya maji kwenye shamba la jirani la Studley Royal. Mwanawe William aliyanunua magofu mwaka 1767 ili yawe pambo la mwisho wa matembezi. Kile kibanda cha juu kiitwacho kiti cha Anne Boleyn hakikukaliwa na malkia huyo. Jina limetokana na sanamu isiyo na kichwa iliyokuwa hapo.

"Ni kupanda treni tu hadi Ripon"

Stesheni ya Ripon ilifungwa kwa abiria mwaka 1967. Shuka Harrogate, chukua basi namba 36 hadi Ripon, kisha basi la kienyeji, teksi au miguu. Mabasi ya kwenda abasia yenyewe si mengi, kwa hiyo angalia ratiba ya kurudi kabla ya kuondoka mjini. Abasia na bustani zinamilikiwa na National Trust, shirika la kuhifadhi urithi. Wanachama wa English Heritage, shirika jingine la aina hiyo, pia huingia bure, jambo ambalo wengi hawalijui na hulipa kiingilio bila sababu.

Tenga saa nne. Kutoka kituo cha wageni njia inashuka kwa mteremko. Mwenye shida ya magoti aulizie lango la magharibi, liko karibu zaidi na magofu. Asubuhi jua linaingia dirisha la mashariki, kwa hiyo anza kanisani na uliache ghala kwa mchana. Mawe yakilowa huteleza, na pembeni mwa mto ardhi hubaki na tope siku kadhaa baada ya mvua. Usipande kuta: lile jiwe la juu limeshikwa na chokaa tu.

Kabla ya kuondoka, pita kwenye kinu. Ni cha karne ya 12, kina paa, na kiliendelea kusaga nafaka hadi mwaka 1927. Kwa kuwa kilikuwa na kazi, hakuna aliyekivua paa.