Mchanga wa mchicha haufiki kwenye kibofu

Juzi tena. Mzee ana mpira wa mkojo kwa sababu ya tezi dume, mpira umeziba, kibofuni kuna jiwe, na binti yake ananiuliza dirishani pa maabara kama limetokana na mchanga wa mchicha anaompikia. Sivyo, dada. Mchanga ukimezwa hutoka na choo. Figo huchuja damu, na punje ya mchanga haiingii kwenye damu.

Jiwe la namna hii hujengwa humo humo kibofuni, na fundi wake mkuu ni Proteus mirabilis. Bakteria huyu ana kimeng'enya cha yurease kinachovunja yurea, taka iliyomo kwenye mkojo, na amonia inayotoka humo hupandisha pH ya mkojo, yaani hupunguza uasidi wake. Ikishapita 7, magnesiamu na fosfeti zilizokuwa zimeyeyuka huungana na amonia zikawa fuwele za struvaiti. Kwenye hadubini zina umbo la kifuniko cha jeneza.

Linalonichosha zaidi ni hili: "UTI yoyote ikikaa sana huzaa jiwe." Jamani! UTI nyingi huletwa na E. coli, naye kwa kawaida hana yurease. Ndiyo maana nang'ang'ania mkojo uoteshwe, yaani bakteria wake wakuzwe maabara hadi watambulike. Kijiti cha kuchovya hakikutajii bakteria. Proteus kwenye agari ya damu, chakula tunachooteshea bakteria, hutambaa sahani nzima kwa mawimbi, humkosi. Wala usiniletee pH ya 8 ya mkojo uliokaa koponi tangu alfajiri: bakteria wameendelea kuvunja yurea humo koponi. Mkojo huo naukataa.

Antibaiotiki peke yake haitoshi, kwa kuwa bakteria wamefukiwa ndani ya jiwe. Mkojo utasafika, dawa itaisha, watarudi. Jiwe litolewe lote.

Kipi kilitangulia, jiwe au maambukizi? Mara nyingi siwezi kusema. Mkojo usioisha kibofuni huweza kuzaa jiwe la asidi ya yuriki, kisha Proteus akalivika ganda la struvaiti. Jiwe zima likipasuliwa tabaka zingeonekana, lakini mimi huletewa vipande vilivyochanganyika.

Yule dada nilimrudisha wodini na ombi moja: mzee awekwe mpira mpya kwanza, ndipo mkojo uchukuliwe. Mkojo wa mpira wa zamani hunionyesha bakteria waliojenga kwenye mpira, nami nawatafuta wa kibofuni.