Je, wajua kwa nini karata moja ya 5 inaweza kubadili uamuzi wa mchezaji wa blackjack?

Chukulia blackjack inachezwa kwa pakiti moja tu ya karata 52, imechangwa vizuri, na uko peke yako mezani. Umepewa 10 na 6, jumla 16. Mgawaji ameweka wazi karata yake moja, nayo ni 10. Jedwali la mkakati wa msingi, lile linalouzwa hata kwenye maduka ya zawadi ya kasino za Las Vegas, linakuambia uombe karata nyingine. Pakiti inachangwa upya, na safari hii 16 yako imetokana na 7, 5 na 4. Mgawaji ana 10 ileile. Sasa mchezaji mzoefu anatulia, haombi kitu. Jumla ni ileile, karata ya mgawaji ni ileile, lakini uamuzi umegeuka, na mara zote mbili uamuzi ni sahihi.

Kwa asiyeujua mchezo: unashindana na mgawaji peke yake, hata kama meza ina watu sita. Karata za picha, yaani J, Q na K, zina thamani ya 10, na ree (A) huhesabiwa 1 au 11 upendavyo. Anayekaribia 21 zaidi ndiye mshindi, na akizidi 21 ameungua. Mgawaji hana hiari: ataendelea kujiongezea karata mpaka afikishe angalau 17. Wewe una hiari zote, ila unatangulia kucheza. Ukiungua dau lako limekwenda, hata kama dakika moja baadaye mgawaji naye ataungua. Faida ya kasino inatoka hapo hasa.

Turudi kwenye ile 16. Ukitulia, unachotegemea ni mgawaji aungue. Akiwa na 10 wazi, na ikishajulikana kwamba hana ree chini yake, huungua takriban mara 23 katika 100. Maana yake unashinda mara 23 na kushindwa 77, hivyo kila dau la dola 100 linakugharimu wastani wa dola 54. Na ukiomba? Karata zinazokuokoa ni ree, 2, 3, 4 na 5. Nyingine zote zinakuunguza. Ukipiga hesabu yote mpaka mwisho, hasara inaangukia palepale, karibu na dola 54. Tofauti kati ya kuomba na kutulia ni ndogo kiasi kwamba chochote kitakachogusa pakiti kinaweza kuipindua.

Na kitu kimeigusa. Ulipokuwa na 10 na 6, karata 49 zilikuwa hazijaonekana, na 20 kati yake zilikuwa za kukuokoa: takriban 41%. Ulipokuwa na 7, 5 na 4, zilibaki 48, na za kukuokoa zilikuwa 18, maana 5 moja na 4 moja tayari unazo mkononi. Hiyo ni 37.5%. Umezila karata zilezile ulizokuwa ukizihitaji. Kwenye uamuzi unaoning'inia kwenye uzi, hilo linatosha.

Hapo ndipo blackjack inapoachana na gurudumu la ruleti. Gurudumu halikumbuki lilichotoa jana wala dakika iliyopita. Pakiti inakumbuka, kwa sababu karata iliyotoka haipo tena ndani mpaka zichangwe upya.

Ajabu ni kwamba waliotangulia kuupigia mchezo huu hesabu kamili waliliweka kando jambo hilo kwa makusudi. Walikuwa wanajeshi wanne wa Marekani kwenye kituo cha Aberdeen, Maryland: Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott. Wakitumia mashine za mezani za kujumlisha, walitafuta uamuzi bora kwa kila mkono, na mwaka 1956 wakachapisha matokeo kwenye jarida la chama cha wanatakwimu wa Marekani. Kompyuta za baadaye ziliwasahihisha mahali pachache tu. Lakini jedwali lao lilichukulia kwamba kila mkono unaanza na pakiti kamili.

Mwanahisabati Edward Thorp alilisoma jedwali hilo akajiuliza swali la mbele yake: je, kama pakiti haijakamilika? Alipokuwa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, alitumia kompyuta ya IBM 704, mashine kubwa ya kujaza chumba, na kuondoa aina moja ya karata baada ya nyingine ili aone mizani inaegemea wapi. Jibu lilishangaza. Karata ambayo kutoweka kwake kunamnufaisha zaidi mchezaji ni 5. Zikitoka 5 zote nne, mchezaji wa pakiti moja ndiye anayekuwa na faida juu ya kasino, tena ya takriban 3%. Thorp aliwasilisha matokeo yake mbele ya wanahisabati huko Washington mnamo Januari 1961, kisha akaenda Nevada na wafadhili wawili waliompa mtaji wa dola 10,000 ili ayajaribu mezani. Mtaji ulirudi zaidi kidogo ya mara mbili. Kitabu alichokitoa mwaka 1962 kilizinyima kasino usingizi.

Kwa nini 5? Fikiria masaibu ya mgawaji. Akiwa na 16 hana ruhusa ya kutulia, lazima ajiongeze. 5 inampeleka kwenye 21 kamili. Akiwa na 12, 5 inamfikisha 17 salama salimini. Karata ndogo ndizo zinazomnusuru mtu aliyelazimishwa kujiongeza, na kwa kanuni za mchezo, aliyelazimishwa ni yeye, si wewe. Zikiisha, anaungua zaidi. Karata kubwa nazo zina neema yake: ree na 10 zikikutana mkononi mwako tangu mwanzo, meza ya haki inakulipa dola 15 kwa dau la dola 10, ilhali mgawaji akiipata yeye anakuchukulia dola 10 zako tu.

Watu wengi hudhani mhesabuji, yaani mchezaji anayefuatilia karata zilizokwisha kutoka, amekariri karata zote zilizopita. Hakuna anayefanya hivyo. Mfumo unaotumika zaidi, Hi-Lo, ulianzia kwa Harvey Dubner mwaka 1963, ukanolewa na Julian Braun wa IBM, na unamtaka mtu abebe namba moja tu kichwani. Ikitoka 2 hadi 6, unaongeza 1. Ikitoka 7, 8 au 9, unaipuuza. Ikitoka 10, picha au ree, unapunguza 1. Ijaribu kwenye mikono yetu miwili ya mwanzo. 10 na 6 dhidi ya 10: toa moja, ongeza moja, toa moja, umebaki na -1. Sasa 7, 5 na 4 dhidi ya 10: sifuri, ongeza moja, ongeza moja, toa moja, umefika +1. Kanuni ya wahesabuji kwa 16 dhidi ya 10 ni kwamba chini ya sifuri unaomba, na kuanzia sifuri kwenda juu unatulia. Namba imesema kilekile tulichokipata kwa kuhesabu karata moja moja.

Siku hizi karata hutoka kwenye kisanduku chenye pakiti sita au nane, na hapo namba hiyo haitoshi yenyewe. Kijiko kimoja cha sukari kwenye kikombe si sawa na kijiko hichohicho kwenye sufuria ya chai ya msibani. Kwa hiyo mhesabuji hutupa jicho kwenye karata zilizokwisha kutumika, akakadiria pakiti ngapi zimebaki, kisha akagawanya. +8 zikiwa zimebaki pakiti tano haifiki hata +2. +8 ileile zikiwa zimebaki mbili ni +4, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Anayefuata mkakati wa msingi bila kosa huanza akiwa nyuma ya kasino kwa takriban nusu ya asilimia, na kila namba moja ya hesabu hii iliyogawanywa humsogeza nusu asilimia nyingine. Kwenye +1 wako sawa. Kuanzia +2 mwenye faida ni mchezaji, na ndipo anapoongeza dau.

Kuongeza dau ndiko kunakoleta sehemu kubwa ya pesa kwenye meza za pakiti sita, lakini kubadili uamuzi ndiko kunakonivutia zaidi mimi. Tazama bima. Mgawaji akiwa na ree wazi, anakuuliza kama unataka bima: unaweka dau la pembeni, na kama karata yake iliyofichwa ni ya thamani ya 10, unalipwa mara mbili. Ili usipate hasara, angalau theluthi moja ya karata zilizobaki lazima ziwe za 10. Kwenye pakiti sita mpya, ukiitoa ree ile, zimebaki 311, na za 10 ni 96, chini ya 31%. Kila dola 100 za bima zinakula dola 7 na zaidi. Kibaya ni kwamba watu hupenda kuinunua wakiwa na 20 mkononi, eti "kulinda mkono mzuri", wakati ile 20 yao imetengenezwa kwa karata mbili za 10 walizokuwa wakitaka mgawaji awe nazo! Mkakati wa msingi husema usiikubali bima kamwe. Hesabu ikifika +3, ikubali, hata kama mkono wako ni mbovu.

Yako mengine. 12 dhidi ya 3 kwa kawaida ni ya kuomba. Kuanzia +2 ni ya kutulia. 13 dhidi ya 2 ni ya kutulia, ila hesabu ikizama chini ya -1 omba. 15 dhidi ya 10 hugeuka ikifika +4. Mwaka 1986 mtaalamu wa blackjack Don Schlesinger alionyesha kwamba mabadiliko 18 tu, bima ikiwa kinara wao, yanabeba sehemu kubwa ya faida yote ya kubadili uchezaji, kwa hiyo hakuna haja ya kukariri mamia. Miongoni mwao kuna moja la hatari: kupasua 10 mbili ziwe mikono miwili mgawaji akiwa na 6, hesabu ikiwa +4. Kihesabu ni sahihi. Lakini mtu wa kawaida haivunji 20, na msimamizi wa meza analijua hilo, hivyo wahesabuji wengi huliacha lipite wasije wakagundulika.

Kuhesabu karata si kuvunja sheria. Nevada hairuhusu kifaa cha kukusaidia kuhesabu, na sheria hiyo ni ya 1985, ila kichwa chako ni chako. Kasino nayo inaweza kukuonyesha mlango. New Jersey ni tofauti: mwaka 1982 mhesabuji Ken Uston alishinda kesi katika mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo, ikaamuliwa kwamba kasino za Atlantic City haziwezi kumfukuza mtu kwa sababu tu anahesabu. Wala faida yenyewe si ya kutajirisha usiku mmoja. Ukiwa na faida ya 1%, mikono 100 ya dola 10 inakupa wastani wa dola 10, ilhali bahati peke yake inaweza kukuyumbisha zaidi ya dola 100 juu au chini.

Kasino zilijaribu kujibu kwa pupa Aprili 1964, pale Las Vegas ilipobana haki ya kuongeza dau maradufu na kupasua ree. Wateja wakasusa, na baada ya wiki chache kanuni za zamani zikarudi. Tangu hapo zimejifunza ujanja wa taratibu: pakiti nyingi zaidi, mashine zinazochanga karata bila kusimama, na meza zinazolipa ree na 10 dola 12 badala ya 15 kwa dau la dola 10. Hiyo ya mwisho peke yake inaongeza takriban 1.4% kwa kasino, karibu mara tatu ya faida iliyokuwa nayo. Na kwenye michezo ya simu ambako programu huchanga pakiti upya kila mkono, hesabu huanza sifuri na kufa pamoja na mkono wenyewe, na ile nusu ya asilimia hubaki upande wa kasino kila mara unapobonyeza.