Ushiriki wa wafanyakazi katika usalama kazini: maana yake nini?

Fundi wa mjengo akivaa kofia ngumu kwa sababu msimamizi amemkodolea macho, huyo ametii tu. Akipanda jukwaa, akausikia ubao unalia chini ya mguu wake, akashuka na kusema, "Hapa hatupandi mpaka ubao ubadilishwe," na ubao ukabadilishwa kweli, huo sasa ni ushiriki. Maana yake mfanyakazi ana usemi katika kutambua hatari, kuamua itazuiwaje, na kufuatilia kama lililoamuliwa limefanyika.

Anayeandika kanuni mara nyingi yuko ofisini. Anayejua kwamba kinga ya mashine hufunguliwa kila alasiri kwa sababu inachelewesha kazi ni yule anayeiendesha. Chukua tukio la kukoswakoswa: tofali limeanguka kutoka ghorofa ya tatu, likatua pale ambapo kibarua alikuwa amesimama dakika moja kabla. Watu hushusha pumzi, husema Mungu mkubwa, kazi ikaendelea. Daftari la ajali halina habari hiyo, kwani hakuna aliyeumia. Lakini kilichoangusha tofali lile bado kiko pale juu, na aliyekiona ni kibarua.

Sheria inalitambua hilo. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na ndani yake wafanyakazi wawe na wawakilishi wao. Inamtaka pia mfanyakazi amwarifu msimamizi mara moja aonapo hatari kubwa iliyo karibu kutokea, na inakataza kumfukuza aliyeondoka mahali hapo kwa sababu ya msingi. Tanzania nayo, katika sheria yake ya mwaka 2003 inayosimamiwa na OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ina wawakilishi wa usalama na afya. Kinga ya anayejiondoa penye hatari imo pia katika Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981.

Ila kibarua wa kulipwa kwa siku hasomi mikataba. Anajua kwamba akilalamika leo, kesho langoni huenda asichaguliwe. Ndiyo maana mabango ya "Usalama Kwanza" hayamshawishi mtu. Zawadi za "siku 100 bila ajali" naziona mbaya zaidi: aliyekatwa kidole atakifunga kitambaa na kunyamaza, asije akawaponza wenzake wakakosa zawadi.

Kinachofungua midomo ni majibu. Aliyeripoti waya uliochubuka aambiwe umetengenezwa lini, au kwa nini bado. Na katika kile kikao kifupi cha asubuhi kabla ya kazi, msimamizi aulize, "Jana ni nini kilikaribia kutuumiza?" kisha anyamaze, hata kimya kikiwa kirefu, mpaka mmoja aseme.