Asilimia 40 si alama ya mtihani

Kwenye maduka ya Dar es Salaam yanayojaza muvi kwenye flashi, muvi yenye asilimia 40 kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya hakiki za muvi, huitwa mbovu, na anayeipenda huambiwa hana ladha. Hilo ni kosa la hesabu. Namba ile haipimi ubora. Inahesabu wahakiki walioisifu. Katika wahakiki 100, 40 waliipenda, pengine mno. Muvi ya wastani ambayo kila mhakiki ameikubali shingo upande hupata 100!

Mpaka wa tovuti hiyo ni asilimia 60. Chini yake muvi huwekewa alama ya nyanya iliyopondwa.

Kabla ya kuiacha muvi ya namna hiyo, soma hakiki mbili za waliosifu na mbili za walioponda, uone wanabishania nini. Mwendo wa polepole uliomchosha mwenzako huenda ndio unaoutafuta.